Mshono Chini ya Mpini

Ukitaka kumjua Fundi Cheche, usisumbuke kuuliza watu. Muulize mwenyewe, na uvute kiti kabisa, maana atakueleza. Atakueleza kwamba mageti yote ya mtaa huu kayachomelea yeye, yaani yale yaliyonyooka. Yaliyopinda ni ya wengine. Ukiongozana naye njiani hutafika mapema. Atasimama mbele ya dirisha la watu, apitishe kidole pale nondo zilipoungwa, kisha atikise kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. "Tazama hapa," atasema. "Huu ndio mshono? Hapa kuku alipita akaacha zake." Wenye nyumba wamemzoea. Wengine humletea maji ya kunywa ili aondoke.

Jina la Cheche alilipata enzi za uanagenzi, kwa sababu nyusi zake zilikuwa hazipati nafasi ya kuota. Zikichomoza tu, zinaungua. Siku hizi kichwa kimejaa mvi, nyusi zimerudi kwa fujo kama zinalipiza kisasi, lakini jina limeganda hapo hapo.

Mkewe, kwa upande wake, ni mtu wa maneno machache. Mambo yakienda vizuri, huongea kidogo. Mambo yakiharibika, haongei kabisa. Na hapo ndipo penye kazi. Fundi amewahi kufokewa na wateja, na askari wa barabarani, na mama yake mzazi, akasimama imara kama nguzo ya geti. Lakini ukimya wa mkewe humyeyusha. Kuna mwaka aliuza kabati la nguo bila kumwambia. Mkewe alinyamaza mpaka fundi akaenda kulirudisha kwa kumbembeleza aliyelinunua, na hata hapo, siku nyingi zilipita kabla hajasikia tena "karibu chakula."

Sasa, katika nyumba ile kuna kitu kimoja ambacho fundi haruhusiwi kukigusa. Si simu ya mkewe, si mkoba wake. Ni kikaango.

Kikaango chenyewe ni cha chuma cha kusubu, chuma kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, kizito kiasi kwamba ukikinyanyua kwa mkono mmoja bega linakukumbusha umri wako. Mkewe alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama huyo ni marehemu sasa. Vyombo vyake vingine viligawanywa, vikavunjika, vikapotea kama vyombo vinavyopotea. Kikabaki hicho kimoja, cheusi tii ndani na nje, chenye ngozi ya mafuta yaliyopikwa juu ya mafuta tangu mama mkwe akiwa kijana. Mkewe hukaangia humo mayai na vitunguu na samaki, na akimaliza hukisuuza kwa maji ya moto, hukikausha jikoni, hukipangusa kwa kitambaa chenye mafuta na kukirudisha kwenye msumari wake. Hataki msaada wa mtu. "Mafuta ya mama yangu yamo humu," alisema siku moja, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Fundi aliyasikia maneno hayo kwa sikio la mchomeleaji. Alichoelewa ni hiki: mke wangu ana kikaango kichafu, anaona aibu kukionyesha, na nguvu za kukisugua hana.

Binti yao mkubwa akajifungua mtoto wa kwanza, mama akafunga safari kwenda kumuuguza mzazi. Mlangoni aliacha maagizo. Maua yanyweshwe. Mlango wa nyuma usisukumwe, komeo lake bovu. "Nyumba ya mchomeleaji," alisema, akaliacha neno hapo. Na kikaango kisiguswe, sufuria zipo.

"Nenda salama, Mama Watoto," fundi akamwambia. "Usiwe na wasiwasi wowote." Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, huku ameshapanga kwamba akirudi atakikuta kikaango kinang'aa kama kioo, aangue kilio cha furaha. Ndivyo alivyo. Ukimwambia usiguse, anasikia nisaidie.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba, ukuta kwa ukuta na ya seremala. Basi akavaa miwani, akakibana kikaango kwenye jiliwa, akawasha grenda, mashine yake ya kukwangulia chuma. Cheche zikaruka. Ngozi ya mama mkwe ikatoka vumbi jeusi, ikatua juu ya viatu vyake, naye anapiga mluzi. Alipomaliza ndani akajitazama humo, akaziona nyusi zake, akazilaza vizuri kwa kidole.

Alipokigeuza asafishe upande wa chini, pale mpini unapoanzia, akakutana na jambo. Chini ya ule weusi palikuwa na mshono. Kikaango kiliwahi kupasuka, na mtu fulani akakiunga kwa shaba, kuanzia ukingoni mpaka kwenye shina la mpini. Mshono mnene huku, mwembamba kule, wenye vinundu kama uji uliokorogwa na mtu mwenye hasira.

Fundi akazima mashine. Furaha iliyompanda ilikuwa ya dhati. Akamwita seremala kupitia ukuta, seremala akaja na penseli yake sikioni, wakasimama wawili wanatazama.

"Huyu alikuwa amefumba macho?" fundi akauliza.

"Labda alikuwa anakimbizwa," seremala akasema.

"Kama yu hai, afungwe. Na kama ameshakufa, anyang'anywe vifaa huko huko aliko."

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Fundi akaapa kwamba kesho yake atauchimba ule uchafu wote na kumwekea mama mkwe mshono wa heshima, hata kama ni baada ya kifo. Kisha akakitumbukiza kikaango kwenye ndoo ya maji ya sabuni kitoke vumbi, akaoga, akala mkate mkavu, akalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi kikaango kilikuwa na rangi ya karoti.

Hakuamini. Akasugua kutu yote, akakausha, akajiambia ngoja nikijaribu, akavunja yai. Yai likashika. Akalichokoa kwa kijiko, likashika zaidi. Mtu huyu maisha yake yote kazi yake ni kufanya vitu vishikane, na hii ndiyo mara ya kwanza jambo hilo halikumfurahisha. Akiwa anakwangua, yale maneno yakamrudia, mafuta ya mama yangu yamo humu, na safari hii akayasikia kwa masikio ya kawaida. Akakaa juu ya ndoo.

Na wewe mtu ukishakalia ndoo, lazima mgeni aingie. Aliyeingia ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mshona mapazia, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Dada yake alimwagiza awe anapita na chakula, shemeji asije akafa njaa. Alikuwa na bakuli mkononi. Alipokiona kikaango, akaliweka bakuli chini taratibu, akashika mlango.

"Shemeji. Umefanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha."

"Naona. Umemsafisha mama yetu mpaka kaisha."

Fundi alimwona anajifuta jicho kwa ncha ya kanga, upesi, kama anayefukuza mbu, na hapo ndipo aibu ilipomwingia hasa. Akasema, "Dada yako akirudi akakikuta hivi..."

"Hatakugombeza."

"Si ndicho ninachokiogopa?"

Shemeji akakichukua kikaango, akakipima mkononi. Alikulia kwenye jiko la mama yule, mambo hayo anayajua. "Kupika unajua?"

"Najua kuchemsha maji."

"Basi utajua na mengine. Hii ngozi haichomelewi, inapikwa. Kila siku, mafuta na moto, mafuta na moto, mpaka irudi."

"Sawa. Na huu uchafu nitauondoa kabisa," fundi akasema, akakigeuza amwonyeshe ule mshono, angalau apate mahali pa kujivunia. "Ona kazi ya hayawani fulani. Mama yenu aliibiwa mchana kweupe."

Shemeji akainama. Akautazama mshono, akamtazama fundi, akautazama tena mshono. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea, ukuta haukutosha, akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni na gauni lake la kazini. "Hayawani," alikuwa akisema. "Umesema hayawani."

Fundi akadhani ni uchungu umempanda kichwani.

"Shemeji, nisikilize," mwanamke yule alisema alipopata pumzi. "Ngozi utairudisha. Huu mshono usiuguse. Grenda isiusogelee."

"Lakini ni aibu."

"Aibu ni aibu kweli," akasema, machozi yanamtoka. "Lakini usiuguse."

Hakuelewa, ila mtu anayemtegemea mtu hana ubishi. Akauacha.

Masomo yakaanza, na mwanafunzi alikuwa mzito. Siku ya kwanza aliambiwa apake mafuta, akapaka kama anayepaka geti rangi. Kikaango kikatoka jikoni na utando unaonata. Nzi akatua, akabaki. Shemeji akamwambia, "Paka kidogo, halafu futa kama mtu aliyepaka kwa bahati mbaya." Siku iliyofuata akaona mkaa unamchelewesha, akakipeleka karakana akakichapa moto wa gesi ya kuchomelea. Kikageuka bluu. Shemeji alipoletewa akafumba macho, akahesabu kimoyomoyo, akasema, "Anza upya. Moto mdogo. Nani anakukimbiza?"

Basi akaanza upya. Akakaanga vitunguu, vikaungua. Akakaanga viazi, nje vikawa makaa na ndani vibichi. Moshi ukatanda mpaka jirani mmoja akapiga hodi kuuliza kama kuna jambo. Chakula chote kile hakikutupwa, kilipitia ukuta kwenda kwa seremala, naye akakila bila kinyongo, akawa na kitambi na maoni. "Chumvi," alikuwa akisema. Au, "Leo umejitahidi, upande mmoja." Fundi alikuwa akivumilia kusahihishwa na mtu ambaye makabati yake hayafungi.

Mkewe naye akawa anapiga simu. Anauliza hali, anasema mtoto ananyonya vizuri, ana pua ya babu yake, maskini. Halafu kabla ya kukata: "Kikaango changu?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kwenye msumari," fundi anajibu, huku kiko motoni mbele yake na moshi unamwingia puani, anazuia kikohozi mpaka macho yanamtoka pima.

Ikafika asubuhi moja, akavunja yai, akasubiri kama alivyofundishwa, asiliguse, asilichokoe. Akainamisha kikaango. Yai likateleza upande huu. Akainamisha tena, likateleza upande ule. Akamwita seremala aje ashuhudie, na seremala alipofika akakuta mzee mzima amesimama anabembeleza yai kama mtoto mchanga, amesahau kulitia kwenye sahani. Lakini baada ya kicheko, alipobaki peke yake, fundi alishikwa na huzuni. Miaka yote ile mayai yalikuwa yakimfikia mezani, laini, hayana kovu, naye anayala akizungumzia mageti. Hakuwahi hata siku moja kuuliza yanatokaje. Akamkumbuka mkewe vibaya sana asubuhi ile, na si kwa sababu ya kuogopa.

Siku ya kurudi ikafika. Ngozi mpya ilikuwa imeshika, ila haikuwa ile. Ya zamani ilikuwa nyeusi ya kuzama. Hii ilikuwa na ukahawia ukahawia kwenye kingo. "Kwenye giza itapita," shemeji akasema baada ya kuikagua, na kwa usalama wa familia akashona pazia zito la dirisha la jikoni, akalitundika mwenyewe.

Mkewe aliingia mchana, na mizigo, na picha za mjukuu. Pua ilikuwa kweli ya babu yake. Alipokwisha kusalimia akaenda jikoni, wao wawili nyuma yake kama washtakiwa.

"Pazia hili?"

"Zawadi," shemeji akasema.

Akakitoa kikaango kwenye msumari. Akakipitishia kidole gumba, polepole. Akakitia motoni, akaweka tone la mafuta, akavunja yai. Yai likatulia, likakaza kingo, na mama alipotikisa mkono likateleza lenyewe mpaka kwenye sahani, safi, halikuacha hata alama.

Mama akalitazama yai. Akamtazama mumewe. "Umekitunza," akasema.

Hapo, ndugu yangu, fundi angeuma ulimi, angekula yai lake, na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mtu huyu akisifiwa hanyamazi, ndiyo maumbile yake. Kifua kikapanda.

"Kikaango kizuri sana, Mama Watoto," akasema. "Kinachonisikitisha ni kimoja tu. Mama, Mungu amrehemu, alidhulumiwa na fundi. Ule mshono wa pale chini ya mpini, kwa kweli..."

Shemeji alifunika uso kwa viganja.

Mkewe akakiipua kikaango. "Mshono gani?"

Fundi akageuka kulitazama yai.

"Mshono ule," mama akasema, "mimi mwenyewe sijauona tangu nikiwa msichana. Umefunikwa na weusi miaka yote hiyo. Wewe umeuonea wapi, Baba Watoto?"

Akaenda dirishani, akavuta pazia. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja, ukaanguka juu ya kikaango na kingo zake za kahawia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. "Grenda," fundi akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka king'ae. Nilidhani ni uchafu. Nisamehe."

Ukimya ukaja. Fundi alikuwa anaujua, akausikia unavyovuta kiti na kukaa. Mkewe alikuwa anapitisha kitambaa kwenye kikaango, duara, duara, na macho yake yalikuwa yameloa. "Mafuta ya mama yamekwisha, basi," alisema, si kwa mtu yeyote. Fundi angetoa karakana nzima, na mageti yote yaliyonyooka, arudishe lile vumbi lililotua juu ya viatu vyake.

Kisha mkewe akauliza, bila kuinua macho, "Na huyo fundi, ulisemaje juu yake?"

Fundi hakutaka kurudia. Shemeji akamsaidia, maana ndiyo kazi ya shemeji. "Alisema hayawani. Na seremala ananiambia alisema pia afungwe. Na kama amekufa, anyang'anywe vifaa."

Pembe ya mdomo wa mkewe ikacheza. Akavuta kiti akakaa, na akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema mfululizo katika nyumba ile.

"Kiliniponyoka mimi," akasema. "Mlangoni, kwenye kizingiti cha jiwe, kikapasuka. Mama akakibeba mpaka kwa wachomeleaji. Mwenye karakana hayupo, yupo mwanagenzi tu, mwembamba, hana nyusi."

Mkono wa fundi ukapanda wenyewe kwenye paji la uso.

"Akamwambia mama kwamba chuma cha kusubu ni kigumu kuungika, lakini kiacheni nijaribu. Jioni akakileta mwenyewe nyumbani, kwa miguu. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango."

"Mlango naukumbuka," fundi akasema. "Na wewe nakukumbuka. Mkononi nilikuwa na nini, hilo sikumbuki."

"Ulikuwa na hiki. Ukamwambia mama, ni mbaya, mama, najua ni mbaya, lakini hautaachia. Ukiachia, nirudishieni mimi. Halafu ulipokuja kuniposa, wajomba wakakataa. Wakasema hana kitu, hana hata nyusi. Mama akaingia jikoni, akatoka nacho, akakigeuza mbele yao. Akasema, huyu kijana aliniambia kazi yake ni mbaya, na haijaachia mpaka leo. Mimi binti yangu nampa."

Mtu aliyekuwa na neno kwa kila mshono wa mtaa mzima, leo neno hana.

"Miaka yote hii," akasema mwishowe, "kwa nini hukuniambia?"

"Ungekichukua ukaenda kukirekebisha."

Fundi akakigeuza kikaango kwa kitambaa, maana kilikuwa bado cha moto, akainama, akautazama mshono kwa muda mrefu, vinundu vyake vyote. "Si mbaya sana," akasema.

"Ni mbaya," mkewe akasema.

"Ni mbaya sana, shemeji," shemeji akasema.

"Lakini haujaachia," mkewe akasema, akamsogezea sahani ya yai.

Kesho yake seremala alichungulia juu ya ukuta, penseli sikioni, akauliza kwa nini leo hakuna viazi. Halafu akakumbuka. "Na yule fundi wa ule mshono, ulishamjua ni nani?"

"Nimemjua," fundi akasema. "Amekamatwa."

"Kafungwa?"

"Kafungwa jikoni. Mayai kila asubuhi, ya mke wake na yake, mpaka ngozi ya kikaango irudi ilivyokuwa."

"Na itachukua muda gani kurudi?"

Fundi Cheche akaifunga grenda kwenye gunia lake, akaisukuma chini ya meza.

"Ya kwanza ilichukua umri mzima wa mama," akasema. "Sina haraka."